Rangi ya Kudumu kwa Sanduku la Kinanda cha Zamani



Katika baadhi ya kumbi za shule, makanisa na nyumba za mikutano, kipo kinanda cha piano kilichoegemea ukuta tangu miaka mingi. Sauti yake huenda bado ni njema, lakini sanduku lake limechakaa. Vanishi imepasuka mfano wa udongo wa mtoni wakati wa kiangazi, pembe zimegongwa na miguu ya viti, na juu ya kifuniko zimo alama nyeupe za duara zilizoachwa na vikombe vya chai. Watu wakikitazama husema, "Kinanda hiki kimekufa," hali kilichokufa ni vazi lake tu.

Ndipo hutokea mtu mwenye nia njema, akanunua kopo la rangi siku ya Jumamosi, na Jumapili kinanda kikaonekana cheupe pe. Haipiti miezi mingi ila rangi ile huanza kubanduka vipande vipande, na vitabu vya nyimbo hugandamana na kifuniko. Basi hasara huwa mbili: fedha za rangi zimekwenda, na kuondoa rangi ile ni kazi kubwa kuliko kuipaka.

Mazungumzo haya yahusu njia ya kuepuka hasara hiyo. Neno lake kuu ni moja, nalo ni hili: kudumu kwa rangi hakutoki katika kopo peke yake. Kwatoka kwanza katika kujua kilicho chini ya rangi, na pili katika kujua ni nani atakayekitumia kinanda hicho.

JE, KIPAKWE AU KISIPAKWE?

Kabla ya kuchagua rangi yapasa kuuliza kama rangi yahitajiwa. Masanduku mengi ya vinanda vya zamani yamevikwa ngozi nyembamba ya mti wa thamani, kama mkangazi, jozi, au ule mti mwekundu wenye mistari myeusi uitwao rozwudi. Ngozi hiyo aghalabu haifikii unene wa milimeta moja. Uzuri wake ukifunikwa kwa rangi, si rahisi kuurudisha. Kwa sababu hiyo mwenye kinanda na asafishe kwanza sehemu ndogo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni kidogo na kukamuliwa sana, kisha aikaushe upesi. Mara nyingi kinachodhaniwa kuwa ubovu wa mti ni uchafu wa moshi na jasho la mikono la miaka hamsini. Ikiwa mti chini yake ni mzima, vanishi ya zamani yaweza kutengenezwa, wala rangi haina kazi.

Jambo la pili ni la ndani. Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Ndani ya kinanda cha piano zimo nyuzi za chuma zipatazo 230, nazo zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya tani 18 hivi zote pamoja. Kama vigingi vinavyozishika vimelegea, au ubao wa sauti umeachana na mbavu zake, sanduku lililopakwa vizuri halitakifanya kinanda kiimbe.

Mathalani, chukua shule ambayo kamati yake imepata fedha za kazi moja tu mwaka huu. Mwalimu wa nyimbo amwita fundi seremala na kumwambia, "Mzee, wageni waja mwisho wa muhula. Twataka king'ae." Fundi mwenye busara atamjibu, "Mwalimu, kung'aa kutakuwapo. Lakini kwanza na aje fundi wa kupatanisha sauti, akikague ndani. Akisema kitashika sauti, mimi nitakipaka. Akisema hakitashika, fedha za watoto zisitiwe katika sanduku la kelele." Jibu hilo huenda likamnyima fundi kazi ya siku hiyo, walakini laihifadhi mali ya shule, nalo ndilo linalomfanya aitwe tena.

KUJUA KILICHO CHINI

Ikiwa imekatwa shauri la kupaka, hatua ya kwanza ni kutambua vanishi ya zamani ni ya namna gani. Majaribio haya hufanywa mahali pasipoonekana, kama vile upande wa chini wa kifuniko, tena kwa tone moja tu.

Tone la kwanza liwe la spiriti ile ya kuwashia stovu. Likiachwa kwa muda mfupi, kisha mahali pale pakawa pa kunata na kuyeyuka, vanishi hiyo ni shelaki. Shelaki ni utomvu utolewao na wadudu wadogo wanaokaa juu ya miti huko India na Thailand, nao ulitiwa pia katika lakiri ya kutilia muhuri barua. Vinanda vingi vya Ulaya vya karne ya 19 vilipakwa kwa shelaki.

Spiriti isipofanya neno, lijaribiwe tone la thina kali ya mafundi wa magari. Likiyeyusha, hiyo ni laka ya selulosi, iliyoenea katika viwanda tangu miaka ya 1920. Kama thina nayo haiyeyushi, basi ni vanishi ya mafuta iliyokauka sana, au, katika vinanda vilivyotengenezwa baada ya miaka ya 1950, huenda ikawa gamba gumu la poliesta lenye kung'aa kama kioo.

Maarifa haya yana faida kubwa, kwa maana rangi nyingine hula kilicho chini yake. Mtu akipulizia laka yenye thina kali juu ya vanishi ya mafuta, vanishi ile huvimba na kujikunja kama karatasi iliyolowa. Naye apakaye rangi juu ya poliesta bila kuikwaruza kwanza ni kama mtu apandaye mbegu juu ya jiwe: hakuna pa kushika.

Ikiwa sanduku limekwisha pakwa rangi zamani, yapasa kuwa na hadhari zaidi. Rangi nyingi za kale zilikuwa na risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Hata Marekani haikukataza rangi ya risasi kutumiwa majumbani ila mwaka 1978. Kwa hiyo rangi ya zamani isisuguliwe kavu ndani ya nyumba. Ilowanishwe, na uchafu wake ukusanywe na kutupwa mbali na watoto, mifugo na visima.

KUCHAGUA RANGI

Rangi ya maji ya kupakia kuta haifai kabisa. Ni rahisi na hukauka upesi, lakini hubaki laini. Joto likizidi hunata, na kitabu kilichowekwa juu yake hung'oa rangi pamoja nacho.

Rangi ya mafuta, ile ipakwayo milango na madirisha, ni ngumu, hujitandaza vizuri, na huvumilia kugongwa na kufutwa. Kasoro zake ni tatu: harufu yake ni kali, hukauka polepole, na ikiwa nyeupe hugeuka manjano baada ya miaka, hasa mahali pasipo na mwanga. Kwa rangi nyeusi, kahawia au kijani, kasoro hiyo ya tatu si kitu.

Rangi ya maji iliyotengenezwa makusudi kwa mbao, yenye akriliki, si ndugu wa rangi ya ukuta ingawa zote mbili huchanganywa kwa maji. Weupe wake haugeuki, na harufu yake ni ndogo. Lakini yataka rangi ya msingi iliyo bora, tena yataka subira. Hukauka juu kwa saa chache, bali ugumu wake kamili haupatikani mpaka zipite wiki tatu au nne.

Laka ya selulosi hupulizwa kwa bomba, na hukauka upesi mno. Ikiharibika yatengenezeka, kwa kuwa mpako mpya huyeyuka na kuungana na ule wa zamani. Walakini mvuke wake hushika moto kwa cheche moja, na pakiwa na unyevu mwingi hewani huingia weupe kama ukungu.

Rangi ngumu kupita zote ni ile ya poliyurethani ya makopo mawili yanayochanganywa. Lakini kopo lake la pili lina isosaineti, dawa iwezayo kumtia fundi ugonjwa wa pumu usiopona. Kinyago cha kitambaa hakizuii mvuke huo. Kazi hiyo yafaa iachiwe karakana yenye vifaa vya kumpa fundi hewa safi. Hakuna kinanda chenye thamani kuliko pafu la mtu.

Mwisho ipo shelaki yenyewe, iliyotiwa weusi na kupakwa kwa kitambaa, mpako juu ya mpako. Uzuri wake hauna mfano, na fundi wa kesho aweza kuitengeneza. Lakini kikombe cha moto, maji au tone la spiriti huiachia alama mara moja.

Basi ni ipi ya kuchagua? Hapo ndipo hutazamwa mtumiaji. Kinanda cha nyumbani, chenye mwenyewe anayekitunza, chafaa kwa shelaki. Kinanda cha ukumbi wa shule au kanisa, kinachosukumwa, kuegemewa na kuwekewa vitabu, chafaa kwa rangi ya mafuta ya mbao, au akriliki ya mbao kama weupe ndio utakiwao. Tena iwe na mng'ao wa nusu. Mng'ao mkali huonyesha kila kovu la ubao na kila alama ya kidole, na rangi isiyong'aa kabisa hushika uchafu wa mikono wala haisuguliki vizuri.

KAZI YENYEWE

Kinanda cha kusimama hupata kilo 200 na zaidi, na uzito wake umeelekea nyuma. Kikisukumwa vibaya huanguka, na watu wamekwisha uawa kwa namna hiyo. Kwa hiyo kisilazwe na mtu mmoja, na watoto wasikaribie. Wala hakuna haja ya kukilaza. Kifuniko cha juu, mbao za mbele za juu na za chini, na ubao wa kuwekea vitabu hutoka vyenyewe zikifunguliwa skurubu au kabari zake. Kila kipande kiandikwe namba kwa nyuma, na skurubu zake zitiwe katika chupa yenye namba ile ile. Bawaba na kufuli zitolewe, zisipakwe.

Vipande vilivyotolewa visuguliwe nje ya chumba. Vumbi la msasa likiingia kati ya nyundo na nyuzi, kinanda kitasumbua kwa miaka. Sehemu zisizotoka zifunikwe kwa karatasi na utepe wa kubandika, na vibao vya kupigia vifunikwe kwanza kabla ya vyote. Katika vinanda vingi vya kale vibao hivyo vimevikwa pembe ya ndovu. Sehemu kubwa ya pembe iliyotumiwa na viwanda vya Marekani, kule Ivoryton na Deep River katika Connecticut, ilitoka Afrika ya Mashariki kwa njia ya Unguja. Dawa za kuondolea rangi zisiguse pembe hiyo. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilikatazwa kwa mapatano ya mwaka 1989, kwa hiyo kipande kilichoharibika hakina badala iliyo rahisi.

Vitu vingine visivyopakwa rangi kamwe ni ubao wa sauti, nyuzi, vigingi, fremu ya chuma, manyoya ya nyundo, jina la mtengenezaji, na namba ya kinanda. Namba hiyo ndiyo hati yake ya kuzaliwa, na aifutaye amekipotezea umri wake.

Sanduku lioshwe kwa maji ya sabuni kidogo, kisha lifutwe kwa tapentaini ili kuondoa nta. Polishi nyingine za dukani zina silikoni, nayo hufanya rangi mpya ikimbie na kuacha vitundu kama macho ya samaki. Hapo ndipo isuguliwe kwa msasa namba 180, kisha 240, kwa mkono mwepesi. Kusudi si kuondoa vanishi yote, bali kuikwaruza ili rangi ipate pa kushika. Ngozi ya mti iliyobanduka igundishwe, na mashimo yazibwe na kulainishwa.

Baada ya hayo hupakwa rangi ya msingi. Hapa shelaki iliyotolewa nta ni msaada mkubwa, kwa kuwa hushikamana na karibu vanishi zote zilizosuguliwa vizuri, na huzuia wekundu wa mkangazi usipenye katika rangi nyeupe.

Kisha ifanywe hukumu ndogo. Ubao mmoja usioonekana upakwe msingi na rangi, uachwe wiki moja. Halafu ichorwe mistari michache ya kupishana kwa wembe, ubandikwe utepe juu yake, na kuvutwa kwa ghafula. Utepe ukitoka mtupu, kazi iendelee. Ukitoka na vipande vya rangi, ni heri aibu ya ubao mmoja kuliko ya kinanda kizima.

Rangi yenyewe ipakwe mikono miwili au mitatu, kila mkono mwembamba, na kusuguliwa kidogo kwa msasa namba 320 baina yake. Rangi ya mafuta yataka saa 24 kati ya mkono na mkono. Mpako mmoja mzito haulingani na miwili myembamba. Hukauka juu, ukabaki mbichi ndani. Kwenye kingo ambazo mbao hukutana, rangi iwe chache sana, ama sivyo kifuniko hakitafunga, au kitafunga na kisifunguke.

Saa nazo zichaguliwe. Miezi ya mvua haifai, wala jua kali la adhuhuri lililolekea ubao, maana rangi hutoka malengelenge. Katika pwani, penye unyevu mwingi, muda wa kukauka uongezwe. Kazi ikiisha, kifuniko kisiwekewe kitu kwa mwezi mzima.

HATARI YA MOTO

Matambara yaliyotumiwa kwa mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta yakirundikwa pamoja hupata joto yenyewe, na yaweza kuwaka moto usiku bila ya kiberiti. Yaanikwe nje moja moja mpaka yakauke, au yalowekwe katika debe la maji. Milango na madirisha yawe wazi wakati wa kazi, na stovu na sigara ziwe mbali.

BARUA KWA FUNDI AJAYE

Limesalia jambo moja ambalo halina gharama. Fundi akimaliza, na aandike katika karatasi: vanishi iliyokuwa chini ilikuwa ya namna gani, rangi gani ya msingi ilitumiwa, rangi gani ya juu, mikono mingapi, na mwaka gani. Karatasi hiyo ibandikwe kwa ndani, nyuma ya ubao wa mbele wa chini. Miaka ishirini itapita, na fundi mwingine, ambaye labda leo ni mtoto aimbaye katika ukumbi ule, atafungua ubao huo akiwa na kopo lake mkononi. Hatakuwa na haja ya kubahatisha. Atasoma, atajua, na kinanda kitaongezewa umri mwingine.